Sarafu kongwe za shaba: uanze na Roma au na Ulaya?

Mtu anayetaka kukusanya sarafu kongwe kwa mshahara wa kawaida huishia kwenye shaba. Dhahabu ina wenyewe, na fedha hata ikiwa mbovu huuzwa kwa uzito. Shaba na bronzi (shaba iliyotiwa bati) zilikuwa chenji ya watu wa chini tangu hapo: zilinunua mkate, zililipa nauli ya kivuko, zilidondoshwa kwenye bakuli la ombaomba. Ndiyo maana nyingi zimelika, na ndiyo maana zilizosalia ni tele.

Ukishaamua shaba, njia kubwa ni mbili. Kuna Roma ya kale, tuseme kuanzia Kaisari Augustus hadi dola ya magharibi ilipoanguka katika karne ya 5. Na kuna Ulaya ya baadaye, kuanzia miaka ya 1600 hadi Vita vya Kwanza vya Dunia. Wanaoanza huuliza ipi ni rahisi bei. Swali hilo haliwafikishi mbali, kwa kuwa kila upande una vipande vya bei ya chakula cha mchana. Tofauti iko kwenye kazi utakayoifanya usiku, taa karibu na lenzi mkononi. Sarafu ya Ulaya hukutajia jina na mwaka wake papo hapo, halafu unabaki kutafuta iliyo bora kuliko hiyo uliyonayo. Sarafu ya Roma huficha jina, na utamu wake wote ni kulifichua.

Msimamo wangu niuseme mapema: anayeanza, hasa anayeishi pwani, aanze na Ulaya, kisha aende Roma jicho likishazoea. Wapo watakaochoshwa na ushauri huo, na nao wana haki.

Vitu vyenyewe

Karibu mwaka 23 KK Augustus aliipanga upya chenji ya dola yake. Sestertius na dupondius zikawa za shaba ya njano, yaani shaba iliyotiwa zinki, na as ikabaki shaba nyekundu. As nne zilikuwa sestertius moja, na sestertius nne zilikuwa denarius moja ya fedha. Sestertius ni pande la sarafu: gramu 25 hivi, upana wa milimita 32 hadi 34, na uso wa Kaisari uliochongwa na fundi aliyeijua kazi yake. Ukiishika nzuri ya Traianus au Hadrianus utaelewa kwa nini matajiri wa Italia walizigombania tangu miaka ya 1500.

Hadhi hiyo haikudumu. Katika karne ya 3 vita na upungufu wa fedha viliiharibu sarafu ya Roma, hadi ile iliyopaswa kuwa ya fedha ikawa shaba iliyopakwa rangi ya fedha juujuu. Karibu mwaka 294 Diocletianus alitoa sarafu mpya kubwa ya bronzi, ya gramu 10 hivi. Haikupita miaka 50 ikawa imesinyaa hadi gramu moja na nusu. Vijisarafu hivyo vya karne ya 4, vya Constantinus na wanawe, ndivyo vinavyouzwa kwa wingi leo, na wingi wake una sababu. Watu walizifukia ardhini kwa mitungi. Mwaka 2010 huko Frome, Uingereza, mtungi mmoja ulitoa sarafu 52,503 za karne ya 3. Mwaka 2016, Tomares karibu na Seville, Hispania, wafanyakazi waliokuwa wakichimba mtaro walikuta mitungi 19 yenye takribani kilo 600 za sarafu za bronzi. Hizo mbili zilibaki mikononi mwa wataalamu na makumbusho, ila zinakuonyesha ukubwa wa kilichokuwa chini ya udongo.

Ulaya ya baadaye haina mstari mmoja wa kuufuata, kila nchi ina wazimu wake. Sweden ilikuwa na mgodi mkubwa wa shaba wa Falun na fedha kidogo, ikaamua shaba iwe na thamani yake kamili kwa uzito. Matokeo yake ni bamba la daler 10 (daler ni fedha ya Sweden) la mwaka 1644, la kilo 19 na ushee. Hebu fikiria kwenda sokoni na hilo. Si ajabu kwamba mwaka 1661 Stockholm ndiko noti za benki za kwanza Ulaya zilikotolewa. Halafu Sweden hiyohiyo, ikiwa imefilisika kwa vita vya mfalme wake Karl XII, kati ya 1715 na 1719 ikageuza kibao: ikagonga visarafu vidogo vya shaba na kuvipa thamani ya daler nzima ya fedha kwa amri tu. Waziri aliyehusishwa na mpango huo, Görtz, alikatwa kichwa mwaka 1719. Aina zake kuu ni kumi, zina miungu ya Kirumi na askari, na nyingi bado zinapatikana kwa bei ya kuvumilika. Kwa maoni yangu hakuna seti fupi ya shaba ya Ulaya yenye hadithi nzito kuliko hiyo.

Urusi ya Catherine II iligonga kopeki 5 za gramu 51 hivi, nyingi zikiwa na herufi EM za Ekaterinburg. Hispania ya miaka ya 1600 ilichukua maravedi zake kuukuu, yaani chenji yake ya shaba, ikazigonga mihuri mipya ya kuzipandisha thamani, mara kwa mara kuanzia 1603, hadi zipo sarafu zenye mihuri mitatu, mmoja juu ya mwingine, mingine ikiwa na thamani tu na mingine na mwaka pia. Ufaransa ya Mapinduzi iliyeyusha kengele za makanisa ikagonga sarafu. Uingereza mwaka 1797 ilimpa kazi Matthew Boulton wa Birmingham, naye kwa mashine za mvuke akatoa peni ya wakia moja kamili na peni mbili ya wakia mbili, zenye ukingo mnene ulioinuka. Wenye maduka walizitumia hata kupimia uzito. Baada ya hapo zama za mashine zikatawala: Ufaransa kuanzia 1852 na Uingereza kuanzia 1860 ziliacha shaba tupu zikaingia bronzi yenye shaba asilimia 95, bati 4 na zinki 1, nyepesi na ngumu kuchakaa.

Kusoma

Hapa ndipo pa kuamulia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua peni ya Victoria ya mwaka 1862. Mbele malkia, nyuma Britannia, mwanamke anayeiwakilisha Uingereza, ameketi na mkuki wake wa ncha tatu, chini mwaka kwa tarakimu. Ndani ya nusu dakika unajua umeshika nini. Kinachobaki ni udogoudogo: je, chini ya mwaka kuna herufi H ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham, kama zile za 1874 hadi 1876? Je, ni 1869, mwaka mgumu kuupata? Vivyo hivyo senti 10 za Napoleon III: A ni Paris, BB ni Strasbourg, K ni Bordeaux, W ni Lille. Hata mizani itakusaidia, maana Wafaransa walizipanga senti zao za bronzi kwa gramu: senti 1 gramu 1, senti 2 gramu 2, senti 5 gramu 5, senti 10 gramu 10. Sarafu ya senti 10 iliyo na gramu 8 na haijalika ina jambo.

Ni kazi ya mpangilio, na mwenye moyo wa karani huipenda. Unaandika orodha ya miaka, unatia alama kila ulioupata, na pengo moja linakunyima usingizi.

Roma haina hayo. Mwaka haukuandikwa. Unachopewa ni msururu wa vifupisho bila nafasi, na herufi V ikifanya kazi ya U. Tuseme unasoma hivi: IMP CAES NERVAE TRAIANO AVG GER DAC P M TR P COS V P P. Mfalme ni Traianus. GER na DAC ni majina ya heshima kwa ushindi dhidi ya Wagermani na Wadakia. COS V ina maana ameshakuwa konsuli, cheo cha juu cha Roma, mara tano (hapa V ni tarakimu), na kwa kuwa mara ya tano ilikuwa 103 na ya sita 112, basi sarafu ni ya kati ya 103 na 111. Hakuna mwaka ulioandikwa popote, umekokotoa mwenyewe. Mara ya kwanza utachukua jioni nzima, baada ya miezi michache utaifanya huku chai ikipoa.

Karne ya 4 ni rahisi zaidi kwa mwaka, ngumu kwa jina. Nyuma ya sarafu kukiwa na askari wawili na maneno GLORIA EXERCITVS, angalia katikati yao: bendera mbili za jeshi ni kati ya 330 na 335, bendera moja ni 335 hadi 341. Ukiona mbwa mwitu jike akinyonyesha mapacha, mbele imeandikwa VRBS ROMA, nayo ni ya kuanzia 330. Ukiona askari akimchoma mkuki mpanda farasi aliyeanguka, na maneno FEL TEMP REPARATIO, ni ya 348 au baada yake. Kisha shuka chini kabisa ya picha usome alama ya kiwanda: TRP ni Trier, CONS ni Constantinople, SMAN ni Antiokia, SMAL ni Aleksandria ya Misri, PLN ni London, ambayo ilifungwa mwaka 325 hivi. Jina la mfalme ndilo litakalokutoa jasho. Constantinus aliwaita wanawe Constantinus, Constantius na Constans, na sarafu ikilika herufi tatu tu, umebaki unahesabu nafasi kwa lenzi.

Msaada upo, tena wa bure. Shirika la American Numismatic Society linaendesha hifadhidata ya mtandaoni iitwayo OCRE, ambamo unaandika herufi unazoziona na picha ya nyuma, nayo inakuletea sarafu zinazofanana. Ulaya nayo ina katalogi nyingi za mtandaoni, ila utazihitaji zaidi kwa bei na idadi kuliko kwa utambuzi.

Hali na bei

Sarafu za mashine zinapimwa kwa kuchakaa kwake. Wauzaji wana madaraja yao ya herufi, kutoka chini kwenda juu, F, VF, EF na kuendelea, na kati ya daraja moja na jingine bei inaruka vibaya. Peni ya Victoria iliyosuguka, ambayo bado inasomeka, ni dola moja hadi tatu. Hiyohiyo ikiwa haijawahi kuingia mfukoni, bado ina wekundu wa shaba mpya, inaweza kuwa mara hamsini. Maana yake ni kwamba katika Ulaya unalipia ngozi ya sarafu, na ukikosea kuisoma ngozi hiyo umelipa bure.

Roma haina ubishi huo mkali. Ziligongwa kwa nyundo, moja moja, kwa hiyo kichwa kilichokaa pembeni au maandishi yaliyokatwa ukingoni ni kawaida. Unaangalia mambo matatu: uso unatambulika, maandishi yanasomeka, na patina, ile rangi ya kijani, kahawia au nyeusi iliyojitanda kwa karne nyingi, ni laini na imeshika. Kijisarafu cha karne ya 4 kilichokwisha kutambuliwa na muuzaji huwa dola 10 hadi 30. Sestertius ni habari nyingine: iliyolika huanzia dola 40 au 50, nzuri inahesabiwa kwa mamia, na ya kuvutia kweli inaingia maelfu.

Kwa mnunuzi aliye Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, hesabu inayouma ni ya posta. Barua ya rejista kutoka Ulaya inaweza kuzidi bei ya sarafu yenyewe. Kununua peni moja ya dola mbili ni kujitia hasara. Nunua kumi au ishirini kwa muuzaji mmoja. Hapa Ulaya inashinda wazi, kwa sababu mafungu ya sarafu za nchi moja yanauzwa kila siku. Mafungu ya Roma nayo yapo, yale ya sarafu ambazo hazijasafishwa, zikiwa na udongo wake. Yanavutia. Mimi ningekaa mbali nayo: mara nyingi yameshachambuliwa na wengine kabla yako, na swali la yalitoka ardhi ya nani halina jibu.

Feki

Sarafu za bei ya chini za pande zote mbili hazimlipi mghushi wa leo, kwa hiyo anayeanza ana usalama fulani. Hatari inaanza bei inapopanda.

Kwa Roma, ughushi una umri mrefu. Giovanni da Cavino wa Padua, aliyekufa 1570, aligonga sestertius za kuiga kwa ustadi hadi leo kazi zake zenyewe zinakusanywa. Za sasa nyingi zimemiminwa kwenye kalibu: tafuta mstari wa kuungana ukingoni, vitundu vidogo kama vya povu, na herufi zilizolainika kana kwamba sabuni imetumika. Lakini kinachowakamata wengi si feki kamili. Ni sestertius halali iliyolika, ambayo fundi ameichonga upya nywele na macho, kisha akaipaka patina ya dukani. Nywele zikiwa kali huku shavu limesuguka, ondoka.

Ulaya ina kinyume cha kuchekesha. Uingereza ya miaka ya 1700 ilijaa nusu peni za kughushi zilizotumika sokoni pamoja na halali, na mafundi wengine walikwepa sheria kwa kuandika jina jingine mahali pa jina la mfalme. Leo vipande hivyo ni mkusanyiko wa kuheshimika. Feki ya wakati huohuo ni historia, feki ya juzi ni wizi. Jihadhari na miaka adimu iliyobadilishwa tarakimu. Peni ya 1933, ambayo zilizopo hazifiki kumi, haitauzwa kwako kwa bei ya soda.

Utunzaji, na chumvi ya pwani

Hii ndiyo sababu hasa iliyonifanya niseme pwani waanze na Ulaya.

Sarafu iliyokaa ardhini miaka 1,700 imenyonya chumvi. Ndani yake, chini ya patina, kunaweza kuwa na kloridi ya shaba iliyolala. Ikikutana na unyevu na hewa, inaamka: inatengeneza unga wa kijani kibichi unaong'aa, na asidi inayoila shaba iliyo jirani, ambayo nayo inazalisha kloridi nyingine. Wakusanyaji huuita ugonjwa wa bronzi. Alama yake ni unga unaotoka ukiugusa kwa ncha ya kijiti. Kijani kigumu, kilichoshika, ni patina na hakina neno. Ugonjwa huu hulala hewa ikiwa kavu, chini ya asilimia 40 hivi ya unyevu. Mombasa, Tanga, Unguja na Dar unyevu hupita 70 siku nyingi za mwaka. Jaza mwenyewe.

Dawa ipo, ila inahitaji subira. Ukwangue unga kwa kijiti cha mbao, uiloweke sarafu kwenye maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri za gari (maji, narudia, wala si asidi yake), ukiyabadilisha kila baada ya siku chache kwa wiki kadhaa, kisha uikaushe kabisa. Baada ya hapo iwekwe kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vipakiti vya silika kama vinavyokuja kwenye viatu vipya, ambavyo navyo huchoka na kuhitaji kukaushwa au kubadilishwa. Sarafu yenye ugonjwa ikae peke yake. Aliye Arusha au Nairobi ana nafuu kidogo, si kinga.

Sarafu za Ulaya za karne ya 19 nyingi hazijawahi kufukiwa, kwa hiyo ugonjwa huo ni nadra kwake. Maadui wake ni vidole na plastiki. Jasho huacha alama ambayo baada ya mwaka inakuwa doa jeusi kwenye shaba nyekundu, kwa hiyo ishike kwa ukingo. Mifuko laini ya plastiki ya PVC hutoa utando wa kijani unaonata. Bahasha ya karatasi isiyo na asidi au kibweta kigumu kinatosha.

Na kwa zote mbili: limau, ukwaju, majivu na dawa ya kung'arishia vitasa vya mlango vibaki jikoni. Sarafu iliyong'arishwa imeuawa thamani yake, na hakuna fundi wa kuirudishia. Wazee wetu wameua nyingi kwa nia njema kabisa.

Karatasi

Senti ya Napoleon III haina mtu wa kukuuliza umeipata wapi. Sarafu ya Roma inaye, na inazidi kuwa naye. Italia inayahesabu mambo ya kale ya ardhini kuwa mali ya taifa tangu sheria ya 1909. Misri ina sheria namba 117 ya 1983, Uturuki ina namba 2863 ya mwaka huohuo, na kutoka Uturuki na sarafu ya kale mkobani ni kesi ya jinai hata kama uliinunua sokoni kwa dola tano. Marekani iliongeza sarafu kwenye makubaliano yake na Italia mwaka 2011. Umoja wa Ulaya umeanza kutumia kanuni kali za kuingiza mali za utamaduni kutoka nje tangu Juni 2025.

Uingereza inapumua zaidi. Kwa Sheria ya Hazina ya 1996, sarafu kumi au zaidi za shaba zilizopatikana pamoja, zenye zaidi ya miaka 300, lazima ziripotiwe. Moja moja huandikishwa kwa hiari katika mpango wa kitaifa wa kumbukumbu, na zikishaandikishwa huuzwa na karatasi yake. Sarafu ya Roma iliyopatikana Uingereza na kuandikishwa ndiyo ningekushauri uinunue kwanza. Unajua hadi parokia ilikookotwa. Isipokuwa hiyo, dai risiti yenye jina la muuzaji, maelezo ya sarafu, na inapowezekana mkusanyiko au mnada ilikotoka awali. Muuzaji anayesema karatasi hazina maana kwa sarafu ndogo hazitaki kwa sababu zake.

Nani achukue ipi

Ukipenda orodha, miaka na kutafuta kipande safi zaidi, chukua Ulaya, na chagua nchi moja tu. Peni za Victoria za 1860 hadi 1901 zinatosha kwa miaka mingi. Ufaransa ya 1852 hadi 1921 ni pana na rahisi. Asiyetaka wingi achukue zile aina kumi za Sweden.

Pwani kuna mlango mwingine wa kuingilia Ulaya, na watu wengi wana ufunguo wake ndani ya kasha la bibi. Pesa ya shaba ya kampuni ya Wadachi, yaani Wajerumani, ya 1890 hadi 1892, 64 kwa rupia moja, ina tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijria upande wa pili. Ya Mombasa ya 1888 ipo. Heller za bronzi, chenji ya koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, za 1904 hadi 1913 ziko nyingi, heller 5 ya 1908 na 1909 ni pana kama ya kale, na heller 20 zilizogongwa Tabora mwaka 1916, katikati ya vita, kwa shaba na shaba ya njano, zina herufi T na ukali wa kazi ya karakana ya dharura. Sarafu hizi zinakufundisha madaraja, alama za viwanda na ukaguzi wa ukingo bila kulipa posta. Zilizochimbwa magofuni, kama za masultani wa Kilwa, ni jambo jingine: Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na biashara yake iache.

Ukiwa wa kufumbua mafumbo, na orodha zinakuboa, nenda Roma moja kwa moja, usinisikilize. Anza na GLORIA EXERCITVS tano kutoka viwanda vitano tofauti, kisha tafuta za Gallienus zenye wanyama, alizogonga Roma karibu na 267 na 268 kuomba ulinzi wa miungu: paa wa Diana, chui wa Bacchus, farasi mwenye mkia wa samaki. Chumba kiwe kikavu.

Na kwa asiyeweza kuamua, kuna ya katikati ambayo wauzaji wengi huiweka mwisho wa orodha: follis, sarafu ya shaba ya Bizanti, yaani dola ya Roma ya mashariki. Wabizanti walijiita Warumi hadi mwisho. Tangu Anastasius alipoirekebisha sarafu mwaka 498, nyuma yake kuna herufi M kubwa, yaani 40 kwa hesabu ya Kigiriki. Na kuanzia mwaka wa 12 wa Justinianus, 538 hadi 539, pembeni ya M wakaandika neno ANNO kushoto na mwaka wa utawala kulia, kwa tarakimu za Kirumi. Una kazi ya kusoma kama ya Roma na orodha ya miaka kama ya Ulaya kwenye kipande kimoja, na jina la mji chini yake: CON, NIKO, KYZ. Zile za mwaka wa 12 na 13 za Constantinople, za gramu zaidi ya 20 na upana wa milimita 40, zimeshapandishwa bei na wanaozijua. Za miaka ya 20 na 30 ya utawala wake ni ndogo, zimelika, na hazigombewi.